Spidi Yangu 9, Siafu 18

Msomaji wangu mpenzi, kabla hujacheka naomba nikiri mwenyewe. Mimi, dada mzima wa miaka 26, mwenye cheti cha kidato cha nne na kalamu ya kuungaunga, usiku sitazami tamthilia za Kituruki wala sikai uani kupokea umbea. Nacheza gemu. Na si yale ya mpira wanayogombania wavulana vibandani. Mimi nacheza lile ambalo mtu ni alama ya @, hiyo hiyo ya barua pepe, na madubwana ni herufi. Siafu ni a. Joka ni D. Unaiona herufi inakujia mbio, jasho linakutoka. Usinicheke, nimeshasema.

Gemu lenyewe linaitwa NetHack. Lilitoka mwaka 1987, kwa hiyo kwangu ni shikamoo kabisa, na ukoo wake unaanzia kwenye gemu liitwalo Rogue, ambalo vijana wa chuo kikuu huko California walilianza mwaka 1980. Ni la bure na likishaingia kwenye simu halidai bando. Unashuka shimoni ghorofa baada ya ghorofa kutafuta hirizi iliyofichwa chini kabisa. Kila ukianza upya shimo linajipanga upya. Na ukifa umekufa, hakuna cha kurudi ulipoishia.

Lilinijia mwaka 2021. Mwaka huo nilipanda bodaboda, dereva akaamua kupita katikati ya magari mawili ambayo hata baiskeli isingepita, na mimi nikaamkia wodini mguu wa kulia umevunjika mara mbili. Nikafungwa hogo, nikarudishwa nyumbani Tandika, nikalazwa kwenye kochi la mama kama mzigo uliokosa mwenyewe. Dogo, mtoto wa mama mdogo, wakati huo alikuwa anaanza masomo ya kompyuta. Akaja kunipa pole, akakuta nimeshawagombeza watu wote ndani ya nyumba. Akachukua simu yangu, akaniwekea NetHack, akasema, "Dada, shika hii. Angalau ugombane na madubwana."

Niwaambie ukweli, siku ya kwanza nilikufa mara saba. Siku ya pili sikuhesabu.

Aliyenimaliza zaidi hakuwa joka. Joka sikuwahi hata kumwona, nilikuwa nafia ghorofa za juu. Aliyenimaliza ni siafu askari. Kadudu! Tena ukisoma sifa zake unaona si lolote, ana ngazi ya 3 tu wakati madubwana wakubwa wanapita 20. Lakini kila nikikutana naye natoka nduki, na kila nikitoka nduki nakufa. Nikadhani simu ni mbovu.

Dogo ndiye alinifungua macho. Alichukua kalamu akaandika nyuma ya kadi yangu ya kliniki. Mtu wa kawaida kwenye lile gemu ana spidi 12. Siafu askari ana 18. Maana yake, kila ukipiga hatua mbili yeye anapata zamu tatu. Zamu mbili anazitumia kukufuata na moja inabaki ya kukushughulikia, tena akikushughulikia anauma na kuchoma kwa mpigo. Ukikimbia hatua kumi umempa zamu tano za bure za kukutafuna mgongo, na wewe hujarudisha hata kofi. Kwa siafu, kukimbia ndiko kufa kwenyewe.

"Sasa nifanye nini?" nikauliza.

"Usikimbie. Rudi kwenye korido, simama, pigana naye mmoja mmoja. Au uwe tayari uko karibu na ngazi, shuka. Siafu hafuati mtu kwenye ngazi."

Hilo la ngazi lina kasheshe yake, maana wapo wanaofuata. Zombi akiwa amekugusa bega ukashuka, unamkuta amesimama pembeni yako kule chini kama shemeji aliyesindikizwa akagoma kurudi. Troli naye hivyo hivyo. Lakini zombi wengi wana spidi 6 au 8, hivyo kosa ni lako, ulikubalije akakusogelea? Yule mwepesi hakufuati ngazini, yule anayekufuata humwachi akukaribie. Nilipolielewa hili nilikaa kimya muda mrefu. Mtu alikaa akapanga hivi, nikajiambia. Si bahati mbaya.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi baada ya kufa mara mia naona upande wa pili ndio mkali zaidi: zimwi usilolijua mwendo wake halibakishi hata unyayo.

Turudi kwenye mguu. Hogo lilipotoka nilikuta mguu wa kulia umepungua urefu kidogo na kifundo kimekuwa kigumu. Shuleni nilikuwa nacheza netiboli, nafasi ya kati, na waliosoma nami mpaka leo hawaniiti jina langu, wananiita Senta. Nilikuwa mwepesi, jamani, acheni tu. Sasa nachechemea. Kwenye NetHack ukibeba mizigo ikakuzidi, wanakupunguzia robo ya mwendo. Kutoka 12 unakuwa 9. Siku nilipoona hiyo hesabu nikasema, eeh, hii ni mimi. Spidi yangu 9, na mzigo wenyewe hautuliki.

Na ukiwa 9, siafu wa 18 anakwenda mara mbili yako. Kila hatua yako moja, kuuma kwake kumoja kwa bure. Hatua kumi, kuumwa kumi. Hata wale wanaoanza na wepesi wa kuzaliwa, kama samurai, hupata kama 16 tu, bado siafu anawapita. Mpaka upate viatu vya mbio ndipo unafika kama 20 na siafu anakula vumbi. Mimi viatu vya mbio sijapata, natumia raba za mtumba.

Mwaka jana Dogo akaja na jambo jipya. Anatengeneza gemu lake mwenyewe! Ameliweka ndani ya Mapango ya Amboni, kule Tanga, alikopelekwa na shule zamani, akatoka na hofu ya popo ambayo haijamtoka mpaka leo. Kwenye gemu kuna popo, kuna fisi, kuna chui, na chini kabisa kuna zimwi. Mimi nikateuliwa kuwa mjaribuji mkuu. Mshahara, chipsi mayai kila Jumamosi.

Toleo la kwanza, shujaa alikuwa na spidi 12 na kila dubwana 6. Dogo alijivuna, fisi wake ana meno ya kung'oa nusu ya uhai kwa pigo moja. Nilimuua yule fisi bila kupata hata mkwaruzo. Nampiga mara moja, narudi nyuma hatua moja. Yeye zamu yake moja anaitumia kusogea. Nampiga tena, narudi tena. Meno yake hayakuwahi kunifikia. Ni sawa na kupigana na mtu aliyefungwa kamba. Niliua fisi kumi na wawili nikasinzia na chipsi mkononi.

Dogo akakasirika, akaongeza meno. Nikamwambia dogo, hata umpe meno ya mamba, kama hafiki hafiki. Hatari ya dubwana haiko mdomoni, iko kwenye tofauti ya mwendo wake na wako.

Toleo la pili akakomoa. Kila kitu 18. Nilidumu dakika tatu, na hapo nilibahatika. Hakuna la kufikiri, unaona herufi, unakufa.

Toleo la tatu akasema basi, haki sawa kwa wote, 12 kwa 12. Hapo ndipo nikamfundisha mchezo wa nguzo. Mapango ya Amboni yana nguzo za mawe, naye aliziweka nyingi kwa urembo. Dubwana lenye mwendo sawa na wako likikufuata, kila zamu yake inaishia kwenye kusogea, halipati nafasi ya kupiga. Wewe zunguka nguzo. Zunguka, zunguka, huku damu inarudi taratibu kwa kupumzika. Ukishapona geuka, piga, ukichoka rudi nguzoni. Nilizunguka nguzo moja na chui mpaka mama mdogo akaja kuuliza kwa nini nabonyeza kitufe kama natwanga. Wachezaji wa magemu haya wanaufahamu mchezo huo tangu zamani, na baadhi ya watengenezaji waliamua mwendo wa dubwana uwe na bahati nasibu kidogo, mara atangulie nusu hatua, mara abaki, ili usiweze kumhesabia kama saa ya ukutani. Dogo naye akaweka hivyo. Safi.

Zikabaki njia za kutorokea. Kiswahili chetu kina maneno ya kukimbia mpaka raha: kula kona, kuingia mitini, kuyeyuka, kutimua vumbi. Na gemu nalo linataka njia za namna namna. Kosa la Dogo ni kuzimwaga kama njugu. Kila chumba hati ya uchawi, ukiisoma unatupwa upande mwingine wa pango. Nilikuwa nazo kumi na nne. Chui akitokea nasoma. Akinikuta nasoma tena. Sikuogopa chochote, na bila woga pango ni korido tu.

NetHack wenyewe walikutwa na hilo. Kuna neno moja, Elbereth, limetoka kwenye vitabu vya Tolkien. Unaliandika kwa kidole kwenye vumbi, unasimama juu yake, na madubwana mengi yanaogopa kukusogelea, isipokuwa watu wenzako na minotauri na wachache wengine. Kidole ni bure, vumbi ni bure. Kwenye toleo la 3.4.3 la mwaka 2003 wajanja walikuwa wanasimama juu ya neno hilo wakirusha visu kwa raha zao, dubwana likigeuka huku na huku kama mdeni aliyekutana na mdai. Ilipotoka 3.6.0, Desemba 2015, mambo yakabadilika. Sasa ukishambulia ukiwa juu ya neno, linafutika. Na hata usiposhambulia, kila likimtisha dubwana kuna nafasi 1 kati ya 7 kwamba litafutika. Wapo waliolia. Mimi naona ilikuwa haki. Neno bado linakuokoa, lakini linakupa dakika ya kufikiri, halikupi nyumba ya kupanga.

Ila njia ninayoipenda kuliko zote iko kwenye gemu lingine, Angband, lililoanzia Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, mwaka 1990. Wao wana hati ya kukurudisha mjini kutoka shimoni hata kama uko chini kiasi gani. Lakini ukiisoma haikuchukui hapo hapo. Unasubiri zamu kati ya 15 na 35. Fikiria, zamu 15 na siafu mgongoni! Kwa hiyo mwenye akili anaisoma kabla ya kuona herufi yoyote, akisikia tu moyo hautulii. Ni sawa na kumpigia simu bodaboda unayemwamini kabla hujatoka kwenye harusi.

Na hapa ndipo yakanikuta yangu.

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu usiku, nimetoka kupeleka makala. Nilishuka kituoni, nikashika njia ya nyumbani. Uchochoro wetu una sehemu mbili zenye taa, na katikati kuna giza la kama mita sitini. Nilipoanza tu kuchechemea nikasikia ndala nyuma yangu. Nikapunguza mwendo, ndala zikapunguza. Nikasimama kujifanya nafunga kamba ya raba, ndala zikasimama.

Msomaji, zamani ningetoka nduki. Senta yule wa netiboli angefika nyumbani kabla jamaa hajaamua. Lakini mimi sasa ni 9, na nilijua kabisa yule aliye nyuma ni 12 anayejibana. Nikianza kukimbia nitamwambia mambo mawili: kwamba nimemwona, na kwamba siwezi. Mguu ulikuwa unaniuma mpaka kwenye nyonga. Nilikuwa na simu hii ya kuandikia makala, na shilingi elfu nane.

Nikafanya hesabu pale pale, kama nilivyo kwenye kochi. Giza mita sitini, sivuki. Nyuma yupo yeye. Kulia, kama hatua nane, duka la Mangi lenye dirisha la nondo na taa ya nje. Nikakata kulia taratibu bila kugeuka, nikapaza sauti, "Mangi, nipe soda, na hilo deni langu nalimalizia leo!" Sina deni kwa Mangi. Naye kwa mshangao akatoka kabisa nje na daftari.

Jamaa akapita. Kijana tu, shati jeupe, mfuko wa mikate mkononi. Aliniangalia, akasema, "Habari za saa hizi, dada," akaingia gizani. Mpaka leo sijui kama alikuwa zimwi au jirani aliyekuwa anaogopa giza kama mimi akaona ajibanze nyuma ya mtu. Nilikaa kwa Mangi nusu saa. Soda sikuimaliza, mkono ulikuwa unatetemeka chupa inagonga meno.

Jumamosi nilimsimulia Dogo. Hakucheka. Akauliza swali moja tu, "Duka lilikuwa hatua ngapi?"

"Nane."

"Na ungekuwa umeshalipita?"

Sikumjibu. Nilimwambia afungue kompyuta. Nikamwambia, gemu lako lina mashujaa wawili, wote wepesi. Weka mmoja wa 9. Akaguna, "Dada, 9 kwa chui wa 18 ni kumtoa mtu kafara." Nikamwambia wenzako wameweza. Kwenye gemu liitwalo Dungeon Crawl Stone Soup, ambalo watu wamekuwa wakiliendeleza tangu 2006, kuna Naga, nusu mtu nusu nyoka, anajikokota kuliko karibu kila mtu. Hawakumpunguzia hatari. Walimpa ngozi ngumu, uhai mwingi, na mate ya sumu ya kutema kwa mbali. Na kuna Spriggan, mbio kama upepo, lakini uhai wake kama wa kifaranga. Watu wanashinda na wote wawili.

"Kwa hiyo nimpe sumu?"

"Hapana," nikasema. "Mpe taa."

Hapo tulibishana mpaka chipsi zikapoa. Mashujaa wake wanaona hatua tano mbele. Chui wa 18 akitokea hatua tano, mtu wa 9 ana hatua mbili tu kabla ya kuguswa. Akiwa na taa ya kuona hatua kumi, anapata nne. Hatua nne si nyingi, lakini zinatosha kufika mlangoni kama mlango uko hatua nne, ukaufunga. Dogo akasema basi niongeze milango. Nikasema usiongeze hata mmoja, mwache ajue iko wapi kabla hajashuka. Akasema hakuna atakayemchagua shujaa wa namna hiyo. Nikamwambia pengine.

Wiki mbili baadaye akaniletea. Nikawasha. Kwenye orodha, chini ya Askari na Mwindaji, kulikuwa na jina la tatu: Senta. Spidi 9, taa 10. Hakusema kitu, alikuwa anajifanya anatafuta chaja.

Nilikufa ghorofa ya pili, nikafa ya tatu mara mbili. Mara ya nne nikafika ya tano, taa mkononi, nikihesabu milango kwa sauti kama mwendawazimu, mlango uko hatua tatu, uko nne, uko nne, uko tano, rudi. Chui akatokea pembeni mwa taa. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu nikawa kizingitini, ya nne mlango ukafungwa, na kwenye kioo yakatokea maneno aliyoyaandika Dogo kwamba unasikia makucha upande wa pili.

Dogo akapumua, nadhani alikuwa amebana pumzi kuliko mimi. Akauliza kama ampunguzie chui kidogo, awe 15.

Nikamwambia amwache kama alivyo.